Pindo la Mkono wa Kushoto

Watu wa ukumbi wa mji wamenijia tena. Wanataka niwaandikie habari za Fusae, wazitundike karibu na kamera zetu ndani ya kabati la kioo. Nimewaambia shule niliiacha mapema, kalamu inanichosha. Wakacheka, wakaniachia karatasi. Haya basi. Wangetaka sifa tupu, wangemwomba mwingine.

Fusae na mimi tulikuwa wasichana wa kiwanda cha hariri hapa hapa Okaya. Vita vilipokwisha, Bwana Momose akanunua ghala la zamani la hariri, akaanza kutengeneza kamera ndogo aliyoiita Koharu. Wanaume walichonga vyuma wakajiona. Lakini ndani ya kamera, mbele ya filamu, mna mapazia mawili ya hariri yaliyopakwa mpira mweusi, moja la kufungulia mwanga, moja la kuufungia. Ukingo ukipindwa vibaya mwanga unavuja, picha zote zimekwenda na maji. La kwanza nilipinda mimi, kwa mkono wa kulia. La pili alipinda Fusae, kwa kushoto. Ukitazama pindo unajua ni la nani: langu limelalia kulia, lake kushoto.

"Shoga, pazia lako linatembea kinyumenyume," nilikuwa nikimtania.

"Na bado linalikimbiza lako!"

Alikuwa na mdomo huyo. Nilimpenda.

Momose akafa. Mwanawe akaliuza jina la Koharu kwa watu wa Tokyo, ghala likafungwa. Wale wa Tokyo wakatuita sisi wawili tukawafundishe wasichana wao kupinda. Jioni, ndani ya maji moto ya bafu la mtaa, wanawake wote wa kiwanda tukaapa: hakuna wa kwenda. Wakikosa mapazia watakuja kutufungulia ghala. Fusae ndiye aliyeapa kwa sauti kubwa kutushinda sote. Akanishika mkono chini ya maji.

"Dada Kikuno, mimi nitafia hapa."

Siku chache baadaye akasema anakwenda kumuuguza shangazi yake. Nikamfungia mboga za chumvi za kula njiani, nilizozitengeneza mwenyewe.

Theluji ilipoyeyuka, Koharu mpya zikafika dukani. Nikamwomba mwenye duka anifungulie moja mgongo. Nikatazama pazia la pili: pindo la kushoto. Nikazungusha kifundo cha juu mpaka la kwanza likatokea, lile lililokuwa kazi yangu. Nalo la kushoto.

"Mama, ina kasoro?"

"Haina," nikasema. Na kweli haikuwa nayo. Hapo ndipo paliponiuma.

Fusae aliporudi nilimkuta bafuni.

"Shangazi amepona?"

"Amepona, dada."

"Naona amejifunza hata kupinda mapazia. Na langu pia."

Akaacha kujisugua.

"Ulitaka nikichemshe kiapo chenu ninywe supu yake?"

"Ningekugawia yangu."

Akatoka na povu mgongoni, hakujisuuza. Ghala halikufunguliwa tena. Sasa anakaa Kamisuwa, ng'ambo ya ziwa letu, na hawa wa ukumbi wanamwita mama wa mapazia.

Wewe unayesoma hapa, waambie wakufungulie kamera zote za kabatini. Yenye pindo la kulia na la kushoto ni ya kwetu. Yenye mapindo yote mawili ya kushoto, ichukue, panda treni uende Kamisuwa, umuulize Fusae yule shangazi yake alikuwa anaitwa nani. Jibu niletee mimi, si ukumbini.