Mawe ya Radojka

Nilianza kumjua Radojka kwa kugombana naye bei. Ilikuwa Januari, theluji imefika magotini, na sokoni Leskovac, mji wa kusini mwa Serbia ninakochuuza mboga, kulikuwa na kabichi tu. Mjane huyu wa miaka sabini na moja alikuwa na saladi mbichi, matuta sita ndani ya banda la nailoni. Juu ya kila tuta alitandaza kitambaa cheupe chepesi cha kukinga baridi, kingo zake akazibana kwa mawe.

"Dinari hamsini kila kichwa," alisema.

"Kwani unauza na banda, mama?"

"Banda utanunua nikifa. Leo nunua majani."

Tukapatana arobaini na tano, nije kuvuna kesho. Alipokwenda kuchemsha kahawa, nilifunua matuta yote nione kama amenificha mabovu nyuma. Hakuficha kitu. Akaniita kahawa inapoa, nikatoka mbio. Matuta mawili ya mwisho sikuyafunika.

Mezani alinieleza kwamba bintiye, Snežana, anataka kumhamishia kwake, mjini Niš. "Vuli nilisahau jiko likiwaka. Sasa anangoja nikosee tena, anibebe kama gunia."

"Gunia lenye mdomo hivyo nani atalibeba?" nikamwambia. Akacheka mpaka akakohoa.

Asubuhi nilimkuta amesimama bandani. Matuta yale mawili yalikuwa yameungua kwa baridi, majani meusi, yanateleza mkononi.

"Nilifunika," alisema. "Kila jioni nafunika." Kisha akanitazama kama mtoto aliyejikojolea. "Au sikufunika, mwanangu?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Lakini ningesema, ningelipia matuta mawili.

"Haya mazima utaniachia kwa ngapi?" nikauliza.

"Thelathini." Hakubishana hata kidogo. Nikapakia.

Yeye mwenyewe ndiye aliyempigia bintiye simu aje amchukue. Mwezi wa tatu nyumba na kiwanja viliuzwa. Banda nililinunua mimi, bei ya chuma chakavu.

Nilikaa na jambo hilo hadi majira ya baridi yaliyofuata. Jioni moja nilikuwa nikirudisha mawe kwenye kingo za vitambaa, moja moja, nikajikuta nayahesabu. Kesho yake nikaenda Niš, ghorofa ya nne, nikamweleza Radojka nikiwa bado mlangoni, kofia mkononi.



"Mwaka mzima," alisema, "nakagua jiko mara tatu kabla ya kulala. Snežana ananiwekea dawa kwenye kijisanduku kama anayelisha kuku. Na wewe ulijua."

"Nilijua, mama."

"Kwa matuta mawili?"

"Kwa matuta mawili."

Akageuka akaita ndani, kwa sauti ile ya siku ya kwanza: "Snežana! Lete hicho kijisanduku, dawa zangu nitazipanga mwenyewe!"

Nilijitolea kumrudishia banda. Akauliza alisimamishe wapi, kwenye roshani? Kisha akafunga mlango. Kwetu hata mtoza ushuru hupewa kahawa. Mimi sikupewa.