Mjomba na Viwanda vya Sabuni

Mjomba ni mtakwimu. Amepima kila kitu isipokuwa tumbo lake. Mwaka mmoja ofisi yake ilimtuma kutafuta kiwanda cha sabuni chenye tija zaidi, kipewe mashine mpya. Mama, dada yake, mwenye kiwanda kidogo cha sabuni, naye aliomba, maana mashine yake ilikuwa ikikohoa kuliko babu.

Fomu ya ofisi haikuuliza idadi ya vipande vya sabuni. Iliuliza mauzo tu, Mjomba akayagawa kwa wafanyakazi. Kiwanda kikubwa kikaongoza.

"Kaka, mwenye kiwanda kile kapandisha bei mara mbili kwa sababu mjini kwake hana mpinzani!" Mama alimwambia. "Umepima ubabe, ukauita bidii."

Mjomba alipita kiwanda hadi kiwanda akihesabu vipande. Alipovigawa kwa wafanyakazi, Mama alikuwa wa kwanza. Akampelekea mkubwa wake masahihisho.

"Ripoti imeshachapishwa," mkubwa alijibu, "na jalada limetoka vizuri."

Mashine ya Mama ilikufa mwezi uliofuata, akafunga kiwanda. Mjomba bado huja Jumapili. Mama humpa chai na kiti kizuri, ila siku hizi humwita "mheshimiwa", wala hatanii.