Mahali Pagumu pa Kyarumba

Juzi, katika daftari la binti yangu, nilikuta msemo wa Kiingereza: kuwa kati ya jiwe na mahali pagumu, yaani kubanwa na mabaya mawili. Nilipokuwa mtoto, mwalimu wetu alitufundisha msemo huo asubuhi moja, nami nikadhani mahali hapo pako Uingereza.

Alasiri ile mvua ilishuka mlimani ghafla, ikinuka udongo. Nilikuwa peke yangu nyumbani kwetu Kyarumba, kahawa imeanikwa huku, maharage kule. Nilisimama katikati kwanza, halafu nikaokoa kahawa. Maharage yakalowa yote.

Mama aliporudi aliyatazama, akayatia chunguni.

“Haya hayauziki tena,” alisema. “Lete chumvi.”

Nilikula nikashiba, nikishangaa kwamba mahali pagumu pana mchuzi mtamu hivyo.