Kishetani cha Jiwe na Binti wa Mlinzi wa Maji

Enzi zetu kitanda kilikaa juu ya matofali. Ungeingia nyumba yoyote ya Albert Park, mtaa wetu wa Durban, Afrika Kusini, mwishoni mwa miaka ya tisini, iwe ya Mzulu, ya Mkongo au ya Mtanzania, ungekuta matofali mawilimawili chini ya kila mguu wa kitanda, kwa ajili ya tokoloshi. Huyo alikuwa kibwengo mfupi mwenye manyoya, ambaye wenyeji walisema huwavamia watu usingizini, ila kwa ufupi wake hawezi kukifikia kitanda kilichoinuliwa. Mama yangu alikuwa mwanakwaya na hakuamini mambo hayo. Matofali yetu, alisema, ni ya kupata nafasi ya kuweka ndoo. Ndoo tulikuwa nazo mbili, na zote zilikaa bafuni.

Tuliishi ghorofa ya saba, lifti ikiwa imekufa kabla hatujahamia. Ukipanda ngazi ulijua kila nyumba inapika nini: ghorofa ya pili samaki wakavu, ya nne mchuzi wa Kihindi, ya sita sombe, yaani kisamvu, inayotwangwa kwa kishindo mpaka jirani wa chini anagonga dari kwa ufagio. Upepo ukitoka bandarini ulileta harufu ya sukari kutoka kwenye maghala, na sisi watoto tulifungua midomo tukijidanganya kwamba tunaionja. Tulicheza rede koridoni kwa mpira wa soksi, tukapasua balbu, tukapigwa, tukarudi kucheza. Wanangu wana mchezo mmoja tu, wa kusogeza kidole gumba, na bado jioni wanalalamika kwamba wamechoka.

Hadithi hatukuzitafuta, tuliziokota shuleni kama tulivyookota chawa. Wazulu walikuwa na joka linaloishi chini ya maporomoko ya maji, likikasirika linaleta dhoruba. Wahindi walikuwa na mwanamke aliyevaa nguo nyeupe anayeomba lifti barabarani, ukigeuka kumsemesha kiti kitupu. Lakini hadithi nilizozijua mimi kuliko mtoto yeyote wa Durban zilikuwa za mji wa Lincoln, Uingereza, mji ambao sijaukanyaga mpaka leo.

Mama alikuwa akifanya usafi kwa bibi mmoja Mwingereza kule Berea, mlimani, kwenye nyumba kuukuu yenye madirisha yanayogongagonga kwa upepo. Tulimwita Granny Maud. Shule ikifungwa saa nane nilipanda kwenda kumngoja mama jikoni, na Granny Maud, ambaye hakuwa na mtu mwingine wa kumsikiliza, alinipa chai ya maziwa na biskuti ngumu za kuchovya, akaanza habari za mji aliozaliwa. Kulikuwa na mbwa mweusi mkubwa kama ndama anayewasindikiza wanawake wapita njia kisha anatoweka. Na kulikuwa na hadithi niliyoipenda kuliko zote, ya kishetani cha jiwe.

Siku moja, alisema, Shetani aliwatuma vishetani wawili wakatembee duniani, wakapanda upepo mpaka Lincoln, kwenye kanisa kuu lililo juu ya kilima. Wakauambia upepo ungoje nje. Ndani wakapindua meza, wakavunja viti, wakamtega askofu mguu akaanguka. Malaika akatokea akawaamuru waache. Mmoja akaruka juu ya nguzo akaanza kumrushia mawe, na malaika akamgeuza jiwe palepale. Wa pili akatoroka. Ila upepo haukuambiwa chochote, na mpaka leo unazunguka nje ya kanisa ukimngoja rafiki yake atoke. Granny Maud akifika hapo aliinua kidole, nasi tukasikiliza madirisha yake.

Sasa ukaja mwezi wa Septemba, na shule yetu ikaandaa Siku ya Urithi. Kila mtoto avae nguo za kwao na asimulie hadithi ya kwao, mbele ya wazazi. Hapo ndipo niliposhikwa. Kwetu ni Bukavu, Kongo, lakini nilitoka huko nikiwa mgongoni mwa mama, na nyumbani Bukavu haikuzungumzwa. Baba alikuwa mwalimu kule. Durban alikuwa mlinzi wa magari ufukweni, mwenye kizibao cha kung'aa, anayewaelekeza madereva kwa mkono waegeshe wapi. Ukimuuliza habari za Bukavu aliongeza sauti ya redio. Mama alikuwa na sentensi moja tu: "Furaha, leka baba yako apumzike." Nikamwacha apumzike, nikaiba hadithi ya mtu.

Sikuona hatari. Sherehe ilikuwa Jumamosi, na baba hakukosa kazi siku hiyo hata akiwa na homa. Nilisimama jukwaani na kitenge cha mama, nikafungua mdomo: "Kwetu Bukavu kuna kanisa kuu juu ya kilima." Nilikuwa nimefika kwenye upepo kungoja nje nilipomwona baba mlangoni, kizibao chake kimekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Nikaendelea kwa sababu sikujua namna ya kuacha. Nikamwangusha askofu wa Bukavu, nikamleta malaika, nikamgeuza kishetani jiwe, nikauacha upepo ukizunguka juu ya Ziwa Kivu.

Walipiga makofi sana. Na mwalimu wetu, Miss Pillay, mwanamke mpole asiyejua alichokuwa akikifanya, akamgeukia baba mbele ya wazazi wote, akamuuliza kama hilo jiwe bado lipo.

Ni vizuri mjue baba yangu alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa mzee wa kanisa. Alishawahi kunichapa kwa kusema nimekula biskuti mbili kumbe nimekula tatu. Nilifumba macho. Nikamsikia akijibu kwa kile Kiingereza chake chenye Kifaransa ndani: ndiyo, mwalimu, lipo, hata mimi nikiwa mdogo nimelishika kwa mkono.

Tulitembea kurudi nyumbani, mimi na yeye. Tulipofika kwenye taa za barabarani, ambazo wote tuliziita robot, tukasimama kungoja kijani.

"Ile histoire ulitosha wapi?" akauliza, yaani hadithi ile niliitoa wapi.

"Kwa Granny Maud, papa. Ni ya kwao Uingereza."

Akacheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya robot, na taa ikageuka kijani ikarudi nyekundu tumesimama palepale. Kisha kicheko kikamkatika ghafla.

"Kosa haiko yako," akasema. "Iko yangu."

Kesho yake, Jumapili, tulipotoka kanisani na kula, alizima redio. Sikumbuki kumwona akiizima kabla ya siku ile. Akapiga zulia kwa kiganja, nikae karibu naye.

"Kuya, ikala hapa. Nikuelezee ya kwetu."

Pale Bukavu, alisema, ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, na maji yakitoka hapo yanaitwa mto Ruzizi. Zamani mfalme alimweka mtu pale kuulinda mlango, maji yasitoke yote kwa pamoja ziwa likakauka. Mlinzi huyo hakuruhusiwa kuondoka hata mara moja, na alipewa mwiko mmoja: asiyaulize maji yanakwenda wapi. Akaoa palepale, akazaa binti palepale. Mwiko alipewa mlinzi, binti hakupewa. Siku moja akiwa anachota, binti akainama akayauliza maji: mnakwenda wapi? Maji yakamjibu: tufuate uone. Akaweka chini mtungi, akayafuata. Baba yake aliporudi upande ule alikuta mtungi umejaa na nyayo zinazoshuka na mto. Sasa fikiria, baba akaniambia, mlinzi akimfuata mtoto, ziwa linakauka na nchi nzima inakufa. Akibaki, mtoto anapotea. Akakaa juu ya jiwe, akafikiri.

Hapo mlango wetu uligongwa. Alikuwa Zuhura, rafiki yangu wa ghorofa ya tano, mtoto wa Kitanga mwenye shabaha kali kuliko wote.

"Furaha, twende bwana, timu yenu imepungua mtu!"

Nikamtazama baba. Siwezi kusema kwamba nilisitasita. Nilikuwa na miaka tisa, na hadithi ya Granny Maud ilikuwa na malaika na mawe ya kurushwa, wakati hii ilikuwa na mtu amekaa anafikiri.

"Enda tu," baba akasema. "Tutamaliza."

Hatukumaliza. Niliporudi alikuwa amelala na redio inaongea. Wiki ile ikapita, ikaja Krismasi, likaja darasa jipya, na mimi nikawa msichana mwenye mambo yake. Nilidhani hadithi inakaa tu pale ilipoachwa. Baba alifariki nikiwa mwaka wa mwisho wa masomo ya uuguzi, na ilikuwa kwenye matanga, watu wakila na kuongea mambo ya kawaida, nilipogundua kwamba sijui yule mlinzi alifanya nini.

Nimeitafuta hadithi ile. Mama ni mtu wa Uvira, akasema hizo ni za watu wa Bukavu, yeye hazijui. Nikampigia simu baba mdogo, aliyekua pamoja na baba wakilala kitanda kimoja. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia hajawahi kusikia kitu kama hicho kwao, labda ndugu yake aliitunga siku hiyohiyo. Huenda. Ningeelewa. Lakini kama aliitunga, basi mwisho wake ulikuwa kichwani mwake peke yake, na hilo linaniuma zaidi.

Watoto wa siku hizi hawapotezi kitu. Mwezi uliopita mwanangu Amani, ambaye sasa ana miaka tisa na anayelala kwenye kitanda kisicho na tofali hata moja, alikuja na karatasi ya shule: Siku ya Urithi, hadithi ya kwenu. Nikamwambia habari za kishetani cha jiwe, kwa utani tu, akaandika maneno mawili kwenye simu yangu na picha ikatokea kabla sijamaliza sentensi. Ndiyo mara yangu ya kwanza kukiona. Kimekaa mguu mmoja juu ya goti, kinacheka, kidogo kuliko nilivyowaambia watu. Nikaichukua simu, nikaandika mimi: binti aliyeyauliza maji yanakwenda wapi. Ikaniletea mafundi bomba wa Durban.

Basi nikaweka simu pembeni, nikamsimulia kwa mdomo. Amani aliandika kwenye daftari lake, ulimi nje kama babu yake alipokuwa akishona kizibao. Ziwa, mlango, mwiko, binti, mtungi uliojaa. Mlinzi akakaa juu ya jiwe, akafikiri.

"Halafu?" akauliza.

Nilikuwa na mwisho tayari. Ningeweza kumgeuza mlinzi jiwe, na upepo ukabaki unamzunguka, na mwalimu angepiga makofi. Nakiri neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Ila mara ile ya kwanza kulikuwa na mtu wa kusimama na kunikingia kifua, na sasa hayupo.

"Halafu Zuhura akagonga mlango," nikamwambia, "na mama yako akaenda kucheza."

Aliinua macho kuona kama natania. Kisha akainama akaiandika yote, pamoja na jina la Zuhura, akaweka nukta.