Filimbi Juu ya Sauti ya Mzee Masanja

Sasa mimi ni mzee, lakini kosa hili halijazeeka. Miaka ya tisini nilikuwa mpiga video pale Shanwe, Mpanda, mwenye majivuno makubwa kuliko kamera yangu. Mgeni aliyekuja kupiga filamu mbugani aliniachia kanda ya muziki usio na waimbaji: filimbi za Kihindi, ngoma zetu na gitaa za Kizungu, vyote vimechanganywa kwa ajili ya filamu. Nikaupachika kila mahali.

Ndipo nikarekodi harusi ya Kulwa, binti wa Mzee Masanja, mfugaji wa Kasansa. Mzee alimshika bintiye mkono, akaongea Kisukuma kwa muda mrefu. Sikuelewa hata neno. Nikaona anachosha watazamaji, nikaondoa sauti yake na kuweka filimbi. Kanda ya awali, iliyobaki na sauti yake, nikaifuta kwa kurekodi harusi nyingine juu yake.

Kabla hawajaichukua video, mzee akafariki. Baada ya matanga Kulwa alikuja na mama yake.

"Fundi, tuwekee pale baba anaponibariki," alisema. "Siku ile nililia mno, sikushika alichosema."

Nikawasha deki, kana kwamba sauti ingejirudisha yenyewe. Mzee akatokea, midomo ikicheza. Filimbi ikalia.

"Ongeza sauti, fundi."

Nikaongeza. Filimbi ikazidi.

Mama akasogea mpaka kwenye runinga, akaitegea sikio. Kisha akanigeukia.

"Mwanangu, mume wangu umempeleka wapi?"