Kidole cha Kalunde

Kalunde alizaliwa na kidole gumba cha mguu wa kushoto kimepinda kwa ndani, kikielekea mguu wa pili. Kwa miaka thelathini na mitatu hakuwahi kuvaa kiatu cha kufunika. Alikuwa fundi wa nguo katika mji mdogo wa Kwa Vonza, na kidole hicho kilikwaruzwa na pedali ya cherehani mpaka kikatoa damu. Mwaka wa 1979 alikubali kupasuliwa. Daktari wa misheni alikinyoosha na kukishikilia kwa waya.

Alasiri, ganzi ikiwa imeisha, sista Mutheu alikuja kukikagua. Alikibonyeza, akangoja, akakibonyeza tena. Kilikuwa cheupe na baridi.

"Unasikia nikikugusa?"

"Sisikii kitu, sista."

Mutheu alitoka mbio akarudi na daktari.

"Mishipa ya damu imevutika sana," daktari alisema. "Nikitoa waya, kidole kitapinda tena kiasi. Nikiuacha, kinaweza kufa."

Kalunde alifumba macho. Alikuwa ameshachagua viatu vyeusi dukani.

"Toa," akasema.

Waya ulitolewa. Wote watatu wakakitazama kidole. Dakika zilipita, na kilikuwa bado cheupe. Kalunde alikamata chuma cha kitanda, akaomba kwa Kikamba. Halafu ncha ikaanza kuwa nyekundu, na maumivu yakampanda mpaka gotini. Akapiga kelele.

"Lia tu, dada!" Mutheu alisema, machozi yakimlengalenga. "Damu imerudi."

Kidole kilibaki kimepinda kidogo. Kalunde alinunua raba pana, akazivaa kanisani bila aibu.