Nusu Nyingine Kileleni

Msusi wa mtaa wetu, tuliyempa jina la Chanuo kwa sababu hajawahi kuonekana bila chanuo kichwani, ana saluni yenye kioo kimoja kikubwa. Kioo kinatazamana na mlango, na mlango unatazamana na mlima. Kila mteja akikaa kitini huona mlima umemchomozea utosini, kama kofia aliyovishwa na mtu asiyempenda. Wateja walizoea. Chanuo hakuzoea. Alikuwa amesuka akina mama, akasuka na binti zao, mbele ya mlima ambao hakuwahi kuukanyaga hata kwa ukucha.

Akaamua kuupanda kabla magoti hayajamwasi. Mumewe, fundi saa, hakuinua macho kwenye kazi yake.

"Mlima hauhami, mke wangu. Haraka ya nini?"

"Hauhami. Ninayehama ni mimi."

Tatizo lilikuwa mwongozaji wa wapanda mlima, ambaye hakuchukua kundi la watu chini ya wanne. Chanuo akaanza kuwashawishi wateja, na kwa hilo ususi ni kazi ya kipekee: hata mahubiri yana mlango wa nyuma, lakini aliyesukwa nusu kichwa haendi popote. Walimsikiliza, wakaitikia, wakaapa. Kichwa kilipokwisha, na nia ikaisha. Mara mbili Chanuo alifika chini ya mlima na chupa ya maji, peke yake.

"Dada," mwongozaji alimwambia, "ya tatu ukija hivi, usije tena. Nafasi zako nitawapa wengine."

Hapo ndipo alipopata wazo ambalo msusi peke yake angeweza kulipata. Jumamosi aliwaweka kitini, mmoja baada ya mwingine, wifi yake muuguzi, karani wa benki, na mwalimu mstaafu. Kila mmoja alimsuka upande wa kushoto, mistari myembamba, kazi safi ya kutia wivu. Kisha akakung'uta taulo.

"Nusu nyingine nitaimalizia kesho. Kileleni."

Wifi yake alijitazama kushoto, akajitazama kulia. "Wifi, kaka yangu alipokuoa ulikuwa na akili. Zimeenda wapi?"

"Zimetangulia mlimani. Tukazifuate."

"Mimi Jumatatu nina wateja dirishani," karani alisema.

"Basi kesho njoo mapema."

Mwalimu alifunga mtandio kwa utulivu wa mtu aliyewahi kufundisha watoto wabaya zaidi ya huyu.

Jumapili walikuja wote. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na nywele ni hivyo hivyo. Upepo wa kwanza ulibeba mitandio mitatu kwa pamoja, na mwongozaji akaona kundi lake: kushoto mabibi harusi, kulia waliotoka kitandani. Aligeuka kutazama jiwe kwa muda mrefu. Karani ndiye aliyeanza kucheka, na kicheko kikawashika wote, hata wakawa wanapanda huku wamejishika mbavu. Muuguzi aliwapima mapigo ya moyo bila kuombwa. Mwalimu alitembea mbele akisahihisha njia.

Karibu na kilele njia ikawa nyembamba, jabali upande mmoja na hewa upande wa pili. Hapo Chanuo aliketi chini.

"Nendeni. Mimi nimeuona, unatosha."

Karani akashika upande wake wa kulia. "Unatosha kwa nani? Mimi nirudi benki na kichwa cha kesi isiyoamuliwa?"

"Kushuka ndiyo ngoma, wifi," muuguzi alisema. "Kupanda bado ni mchezo. Nipe mkono."

"Naogopa, jamani."

"Ogopa huku unatembea," mwalimu alisema. "Na usitazame chini. Tazama kisogo changu, ukipange."

Wakamvuta kwa mbele na kumsukuma kwa nyuma kama kabati linalohama nyumba. Chanuo akakaza macho kwenye kisogo cha mwalimu, akihesabu moyoni mistari itakayokaa pale, na alipomaliza kuipanga hakukuwa tena na mahali pa kupanda.

Alilia kidogo, akapenga kamasi, akatoa chanuo kichwani. Akawakalisha juu ya jiwe mmoja mmoja, mwongozaji akishika mafuta ya nywele kwa heshima zote. Kioo hakikuwepo. Safari hii mlima ulikuwa chini ya mteja, na chini zaidi, mahali fulani kati ya mabati, ulikuwepo mlango wa saluni.

Mwalimu alikuwa wa mwisho. Ulipobaki mstari mmoja, alimshika msusi mkono.

"Huo uache."

"Mwalimu, utaonekana kituko."

"Niache hivyo hivyo. Ule mlima mwingine kule nyuma, huyu kijana mwongozaji anaujua?"